Kivinjari kizito baada ya kusasisha mfumo: shajara ya maabara ya kompyuta

Kwanza mashine zenyewe, ili anayesoma ajue tunashughulika na nini. Maabara ni ya shule ya sekondari wilayani Korogwe. Kompyuta ni za mezani, prosesa Intel Core i3-6100, kizazi cha sita. Nyingi zina RAM ya GB 4. Chache tulizopokea baadaye zina GB 8. Diski zote ni zile za kuzunguka. Zinaendesha Debian, mfumo wa uendeshaji wa familia ya Linux, na mazingira mepesi ya Xfce, na kivinjari ni Firefox ESR, yaani Firefox ya matunzo ya muda mrefu. Pembeni kuna seva ndogo ya Kiwix yenye Wikipedia ya Kiswahili na ya Kiingereza, ambayo wanafunzi huisoma hata bando likiisha. Likizo ya Desemba 2024 tulizihamisha mashine zote kutoka Debian 11 kwenda Debian 12, kwa sababu matunzo ya kawaida ya usalama ya Debian 11 yalikoma Agosti 2024 na yakabaki yale ya muda mrefu tu.

Jumatatu

Shule imefunguliwa na malalamiko yamefika kabla ya saa nne. Mwalimu wa TEHAMA kaniambia: "Fundi, tangu mmeweka hilo sasisho intaneti imekuwa nzito mno. Watoto wakishusha ukurasa unakwamakwama, wakiandika, herufi zinachelewa kutokea." Nimeyanakili kama alivyoyasema, maana ndani yake mna habari kubwa kuliko hilo neno "nzito". Mtandao ukiwa mbovu, ukurasa hauji au unakuja nusu. Ukishakaa kwenye skrini, kuushusha na kuupandisha ni kazi ya mashine yenyewe, mtandao hauhusiki tena.

Hilo bado lilikuwa wazo, nikataka kuliona. Nimefungua makala ndefu kwenye Kiwix, ambayo iko chumba hichohicho, kebo moja tu kati yake na mashine. Imefunguka mara moja. Nilipoanza kuishusha ikawa inaruka mistari, inasimama, inaruka tena, na feni ikapandisha sauti. Nikachomoa kebo kabisa huku makala ikiwa imeshafunguka: vilevile. Kwa hiyo mtoa huduma wetu wa intaneti hana hatia, na kwa leo hilo linatosha. Nimemwomba mwalimu asinunue bando kubwa zaidi kama alivyokuwa amepanga. Fedha hiyo ingepotea bure.

Jumanne

Leo nimekaa na washukiwa wa kawaida, wale ambao kila mtu huwataja kwanza: kache (nakala za kurasa zilizohifadhiwa), viendelezi (programu ndogo za nyongeza), na wasifu wa mtumiaji uliojaa mabaki ya miaka. Njia ya haraka ya kuwapima wote kwa pamoja ni kuanzisha kivinjari kwa wasifu mpya mtupu:

firefox-esr -P

Dirisha likitokea unaunda wasifu mwingine, unafungua ukurasa uleule, unatazama. Wasifu mpya hauna kiendelezi hata kimoja, hauna historia, hauna kache. Ukurasa umekwama vilevile. Faida ya kuanza hapa ni kwamba hufuti kitu cha mtu. Wengi hukimbilia kufuta kila kitu, mwanafunzi akirudi anakuta alamisho zake zimetoweka na uzito uko palepale.

Kisha nimeuliza swali ambalo naona lingepaswa kuulizwa mapema katika kila kesi ya namna hii: ni kitu gani hasa kilichosasishwa? Kila anayekuja maabara anasema "kivinjari kimesasishwa". Nimeangalia. Kabla ya likizo, kwenye Debian 11, tulikuwa na Firefox ESR 128. Sasa, kwenye Debian 12, tuna Firefox ESR 128. Debian hupeleka toleo lilelile la ESR kwenye mifumo yake ya zamani na mipya kama sehemu ya masasisho ya usalama. Kivinjari ndicho kitu ambacho hakikubadilika. Kilichobadilika ni kila kilicho chini yake: kiini cha Linux, maktaba za programu, na draiva za michoro, yaani programu zinazoiendesha chipu ya michoro.

Hapa nataka kueleza jambo lililotokea duniani, kwa sababu linaonyesha jinsi sasisho linavyobebeshwa lawama kirahisi. Firefox 96 ilitoka tarehe 11 Januari 2022. Siku mbili baadaye, tarehe 13, Firefox ziliganda katika nchi nyingi kwa wakati mmoja, kurasa hazifunguki. Watu wengi wangeapa kwamba ni toleo jipya. Kumbe upande wa seva, kwenye huduma ya wingu inayotumiwa na Mozilla, itifaki ya HTTP/3 ilikuwa imewashwa kuwa chaguo la kawaida, na mabadiliko hayo yakaamsha hitilafu ya siku nyingi iliyokuwa imejificha kwenye sehemu ya mtandao ya kivinjari, ikaingia kwenye mzunguko usio na mwisho. Mpangilio wa seva uliporudishwa ulivyokuwa, vivinjari vikapona bila watumiaji kupakua chochote. Tarehe kukaribiana ni dokezo zuri la mahali pa kuanzia kutafuta. Si ushahidi.

Jumanne, jioni

Kuna jambo limenishughulisha tangu mchana. Mashine tulizopokea mwishoni, zile za GB 8, hazina tatizo. Zinashusha ukurasa kama maji. Jibu rahisi ni kwamba Debian 12 inataka kumbukumbu zaidi, tununue RAM, tumalize. Mwalimu mkuu msaidizi alishaanza kuuliza bei.

Lakini tofauti ya mashine hizo na nyingine si RAM peke yake. Zilikuja wakati mwingine, zikasimikwa upya na mtu mwingine. Nikaamua kuzitenganisha sababu hizi mbili. Nimezima mashine moja nzito na moja nyepesi, nimefungua makasha, nikabadilishana kadi za RAM. Iliyokuwa nzito sasa ina GB 8, iliyokuwa nyepesi ina GB 4.

Nzito imebaki nzito. Nyepesi imebaki nyepesi.

Hii imenipa furaha kuliko chochote cha wiki hii, kwa kuwa imeokoa fedha ya shule kwa kazi ya bisibisi tu.

Jumatano

Siku ndefu, na ndiyo iliyofungua kila kitu.

Nimeanza kwenye terminali kwa amri ya top -H, ambayo huonyesha nyuzi za kazi moja moja badala ya kuonyesha programu nzima. Huku mkono mmoja ukishusha ukurasa, jicho likiwa kwenye orodha. Nilitarajia kuona majina ya JavaScript, lugha ya programu zilizo ndani ya kurasa, juu. Haikuwa hivyo. Juu kabisa, ikila prosesa, ilikuwa SwComposite. Hiyo ni sehemu ya Firefox inayopanga picha ya mwisho ya ukurasa kwa kutumia prosesa ya kawaida, pale ambapo chipu ya michoro haipatikani.

Nikaenda kwenye about:support, ukurasa ambao kila fundi wa maabara anapaswa kuuzoea. Unaandika jina hilo kwenye sehemu ya anwani, unashuka hadi sehemu ya Graphics, unasoma mstari wa Compositing. Kwenye mashine nyepesi umeandikwa WebRender, jina la mchoraji wa kurasa wa Firefox, na basi. Kwenye mashine nzito umeandikwa WebRender, na mbele yake limeongezwa neno Software. Mashine hizi zina chipu ya michoro ya Intel HD Graphics 530 ndani ya prosesa, lakini Firefox haikuwa inaitumia hata kidogo.

Tuihesabu hasara hiyo. Skrini zetu zina nukta 1366 kwa 768, yaani nukta 1,049,088. Ili ukurasa uteleze vizuri, picha inachorwa mara 60 kwa sekunde, kwa hiyo kila picha ina takriban milisekunde 16.7 za kukamilika. Hizo ni nukta karibu milioni 63 kila sekunde. Chipu ya michoro imeundwa kwa kazi hiyohiyo, inashughulikia nukta nyingi kwa mpigo. Prosesa yetu ina viini viwili tu, na viini hivyo vinatakiwa wakati huohuo viendeshe JavaScript, visome diski, vifungue usimbaji wa HTTPS. Ni mama lishe aliyeachiwa kupika, kupakua, kupeleka sahani na kuosha vyombo peke yake saa saba mchana. Chakula kitatoka, ila foleni itafika barabarani.

Bado haikuwa wazi kosa ni la nani, Firefox au mfumo. Nikasimika kifurushi cha mesa-utils, nikaendesha amri inayotaja ni nani anayechora picha za mfumo:

glxinfo -B

Kwenye mashine nzito jibu la mchoraji lilikuwa llvmpipe. Hilo ni jina la mchoraji wa programu wa Mesa, mkusanyiko wa draiva za michoro za Linux, anayefanya kazi yote kwa prosesa. Maana yake mfumo mzima ulikuwa umepoteza chipu ya michoro, kila programu iliathirika, ila kivinjari ndicho kinachochora kwa wingi kuliko zote, ndiyo maana uzito ulionekana huko. Na juu ya jibu hilo palikuwa na mstari wa onyo ambao ndani ya Firefox hauonekani kamwe: MESA-LOADER imeshindwa kufungua i965.

Jumatano, usiku

Hilo jina i965 lina historia. Ni draiva ya zamani ya Mesa kwa chipu za Intel. Februari 2020, Mesa 20.0 ilianza kutumia draiva mpya iitwayo iris kama chaguo la kawaida kwa chipu za kizazi cha Broadwell (cha tano) na kuendelea, na zetu zimo humo. Ya zamani iliachwa ipo kwa atakayeihitaji. Kisha Machi 2022, Mesa 22.0 iliziondoa draiva za mtindo wa zamani kwenye mkondo mkuu, i965 ikiwemo. Debian 11 ina Mesa 20.3. Debian 12 ina Mesa 22.3. Kwa hiyo likizoni tulivuka mpaka ambao i965 haipo ng'ambo yake.

Lakini kwa kawaida mashine ingechukua iris yenyewe bila kuuliza. Iweje hizi zing'ang'anie i965? Lazima mahali fulani zimeagizwa. Nikatafuta kwenye folda ya mipangilio:

grep -r i965 /etc

Jibu limetoka mara moja. Ndani ya /etc/environment kuna mstari huu:

MESA_LOADER_DRIVER_OVERRIDE=i965

Mstari mmoja. Kila mashine nzito inao, na hakuna mashine nyepesi yenye nao. Mfumo umeamriwa kupakia draiva isiyokuwepo, umeshindwa, umerudi kwenye llvmpipe kimyakimya, na hakuna dirisha lililomwambia mtumiaji chochote.

Alhamisi

Mkono uliniwasha kuufuta jana ileile. Nimejizuia, kwa sababu hakuna anayeandika mstari wa namna hiyo kwa mchezo. Aliyeuweka alikuwa anatibu kitu, na nikiutoa bila kujua, kile alichotibu kinaweza kurudi.

Tuna daftari la matengenezo la maabara, la karatasi, lenye mwandiko wa mafundi kadhaa waliopita. Nimelipitia. Maingizo ya kipindi tulipohamia Debian 11 yanasema kwamba skrini ilikuwa inametameta kila kompyuta ya mwalimu ilipounganishwa na projekta, na kwamba dawa ilikuwa kurudisha draiva ya zamani. Kisha mstari ukanakiliwa mashine zote ili zifanane. Uamuzi huo ulikuwa sahihi kwa wakati wake, na namshukuru kwa moyo wote aliyeuandika pamoja na sababu yake. Bila daftari hilo ningekuwa nabahatisha.

Kwa hiyo jaribio la leo lilikuwa la projekta. Kwenye mashine ya mwalimu nimeufuta mstari, nimeiwasha upya, kwa kuwa faili hilo husomwa mtu anapoingia kwenye mfumo. Nimeunganisha projekta, nikafungua picha, maandishi, video, nikaacha iwake kipindi kizima cha Jiografia huku nikiwa nimekaa nyuma ya darasa. Haijametameta. Iris ya leo si ile ya wakati ule. Na glxinfo sasa inataja Intel HD Graphics 530, about:support inasema WebRender bila nyongeza.

Mwalimu kaushusha ukurasa wa Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu mwenyewe, juu chini, juu chini. "Fundi, hii ndiyo ile yetu." Hakuongeza neno.

Ijumaa

Usambazaji. Kutoka mashine ya mwalimu, kwa SSH (njia ya kuingia mashine nyingine kupitia mtandao), amri hii ya kuufuta mstari imepita kila mashine:

sudo sed -i '/MESA_LOADER_DRIVER_OVERRIDE/d' /etc/environment

Halafu zote zimewashwa upya na glxinfo imeendeshwa tena kila moja, majibu yamehifadhiwa kwenye faili moja. Hakuna llvmpipe iliyobaki. Kadi za RAM nilizobadilishana Jumanne nimezirudisha zilikotoka. Kwenye daftari nimeandika mstari uliofutwa, neno kwa neno, na dalili za kuangalia kama projekta itasumbua tena.

Wiki ya pili

Kushusha ukurasa sasa ni laini kila mahali, lakini mwalimu ameona jambo lingine, na yuko sahihi: kwenye mashine za GB 4, mwanafunzi akifungua vichupo vingi, kuhama kutoka kimoja kwenda kingine kunachukua sekunde kadhaa na taa ya diski inawaka mfululizo. Hili ni tatizo jingine. Lilikuwepo hata kabla ya likizo, ila lilifunikwa na lile kubwa.

Amri ya free -h inaonyesha kumbukumbu imejaa na mfumo umeanza kuhamishia vipande vya kumbukumbu kwenye diski, ambayo kwa diski ya kuzunguka ni mwendo wa konokono. Ukitazama top utaona safu ya majina Isolated Web Co, jina lililokatwa kwa kukosa nafasi. Kila tovuti ina mchakato wake peke yake, yaani nakala yake ya programu inayoendeshwa kando. Hii ilianza kwa sababu nzito: tarehe 3 Januari 2018 udhaifu wa Meltdown na Spectre uliwekwa hadharani, ikaonekana kwamba ukurasa mmoja ungeweza kuchungulia kumbukumbu ya mwingine zikikaa ndani ya mchakato mmoja. Chrome iliwasha utengano wa tovuti mwaka 2018, na Google ilisema gharama yake ni kumbukumbu zaidi kwa asilimia 10 hadi 13. Firefox iliufikisha wa kwake, uitwao Fission, kwa watumiaji mwishoni mwa 2021.

Kuna waliopendekeza tuuzime utengano huo ili tupate kumbukumbu. Wengine wamesema turudi kwenye toleo la zamani la kivinjari. Nimekataa yote mawili na nitaendelea kukataa. Kwenye mashine hizi wahitimu huja kujaza maombi ya mkopo wa HESLB, wanaandika namba za NIDA, nywila, taarifa za wazazi wao. Mtoto wa watu hana namna ya kujua kwamba kinga imeondolewa ili kurasa zifunguke upesi. Jukumu hilo ni letu sisi tunaoshika nywila ya msimamizi.

Tulichofanya badala yake ni zram. Ni sehemu ya kumbukumbu inayotumika kama akiba, ila data humo imebanwa, kwa hiyo mfumo ukizidiwa hubana kwanza kabla ya kwenda kwenye diski. Prosesa inapata kazi ya ziada kidogo, na sasa ina nafasi kwa kuwa haichori tena. Kifurushi ni zram-tools, faili la mpangilio ni /etc/default/zramswap:

ALGO=zstd
PERCENT=50

Nimeweka pia uBlock Origin, kiendelezi cha kuzuia matangazo, kwenye mashine zote, maana matangazo na vifuatiliaji ni JavaScript na picha zinazokula kumbukumbu bila kumfundisha mwanafunzi chochote. Kuhama kati ya vichupo kumekuwa kwa kuvumilika, na kwa vichupo vichache hakuna kusubiri.

Mwisho wa mwezi

Mashine mbili za upande wa dirishani bado zinachelewa kufungua kivinjari asubuhi, mara ya kwanza tu. glxinfo yao ni safi, zram inafanya kazi. Amri ya smartctl, inayokagua afya ya diski, inaonyesha diski zote mbili zina sekta zilizohamishwa (sehemu mbovu zilizobadilishwa na za akiba), na idadi yake inapanda. Huo ni ugonjwa wa chuma, programu haiwezi kuuponya. Data imenakiliwa kwenye seva, ombi la SSD (diski zisizozunguka) mbili za GB 240 liko mezani kwa mkuu wa shule, na kwa sasa mashine hizo zinatumika kwa mazoezi ya kuchapa peke yake. RAM ya nyongeza nimeiacha nje ya ombi.

Kuanzia sasa, kabla ya kuhamia toleo lolote jipya la Debian, hatua ya kwanza kwenye orodha yetu ni kusoma /etc/environment na kila faili tulilolihariri kwa mkono, na kulilinganisha na daftari. Orodha imebandikwa ndani ya mlango wa kabati la vifaa.